Mwongozo wa vipindi ni mtupu na fundi anataka kufomati diski: nifanyeje?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nina king'amuzi cha dishi, kile kinachorekodi, chenye diski ndani na waya mbili zinazoshuka kutoka kwenye dishi. Nafanya kazi mjini, na mpaka nitoke kwenye foleni ya Tazara nifike Tabata, tamthilia ya saa 1 usiku imeshaisha, kwa hiyo huwa nairekodi. Mwezi uliopita mwongozo wa vipindi ulianza kuwa mtupu. Kipindi kinachoendelea na kinachofuata naviona, lakini nikisogea kwenda kesho na keshokutwa naambiwa hakuna taarifa. Ni chaneli chache tu, zile tunazoziangalia sana, ndizo zenye ratiba, tena nusunusu. Fundi wa mtaani akaja, akakirudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani, akasachi chaneli upya. Mwongozo haukurudi, na likaongezeka tatizo jingine: niliandika kwa mkono kirekodi saa 19:00, nikakuta kimerekodi kipindi cha saa 4 usiku. Sasa anasema diski imekufa, tuifomati au ninunue king'amuzi kingine. Ndani ya diski kuna kaswida za madrasa ya binti yangu zilizorushwa Ramadhani, na sitaki zipotee. Baba Nasra huzima kila kitu ukutani tukienda kulala, kwa ajili ya Luku, na umeme wenyewe unakatika mara kwa mara. Nifanyeje? (Mama Nasra, Tabata)

JIBU: Asante mama Nasra, nimeshapoa. Nianze na la haraka: mwambie fundi asiiguse diski. Katika yote uliyoyaeleza sioni hata dalili moja inayoonyesha kwamba diski imekufa, na ukishaifomati zile kaswida hazirudi. Wala usitoe hela ya king'amuzi kipya. Rekodi za ving'amuzi vya kulipia kwa kawaida hufungwa kwa ufunguo wa mashine ile ile iliyozirekodi, kwa hiyo hata ukiitoa diski nzima na kuiweka kwenye mashine mpya, au ukiichomeka kwenye kompyuta, hazitafunguka.

Umeandika swali vizuri sana, na sehemu kubwa ya jibu imo mle mle kwenye maneno yako. Umesema kipindi kinachoendelea na kinachofuata unaviona. Umesema chaneli mnazoziangalia sana zina ratiba kidogo. Na umesema rekodi ya 19:00 ilitoka ya saa 4 usiku. Kila moja kati ya hizi inaelekeza mahali pake, na hakuna inayoelekeza kwenye diski.

Kwanza tuelewane mwongozo unafikaje nyumbani kwako. Watu wengi wanadhani unatoka kwenye intaneti, au umehifadhiwa ndani ya king'amuzi tangu kinunuliwe. Kuna mashine mpya zinazouchukua kwenye intaneti, lakini king'amuzi cha kawaida cha dishi au cha antena huupokea hewani, ndani ya mawimbi yale yale yanayoleta picha na sauti. Kituo kinapotuma chaneli zake, pembeni yake kinatuma majedwali ya maandishi: jina la kipindi, saa ya kuanza, urefu wake, maelezo mafupi. Majedwali haya hayatumwi mara moja yakaisha. Yanarudiwa mfululizo, usiku na mchana, kama gari la matangazo linalozunguka mtaa likirudia maneno yale yale. Aliye macho atasikia tangazo zima kwa dakika chache. Aliyelala hasikii kitu, na gari halitasimama kumsubiri.

Majedwali yenyewe ni ya aina mbili, na hapa ndipo dalili yako ya kwanza inapopata maana. La kwanza ni dogo, lina vipindi viwili tu kwa kila chaneli: kinachoendelea na kinachofuata. Hilo hurudiwa haraka sana, kila sekunde mbili hivi. Ukibadilisha chaneli, jina la kipindi linatokea chini ya skrini karibu papo hapo, na hilo ndilo jedwali lililolileta. La pili ni ratiba ya siku zijazo. Kwa viwango vya DVB, yaani kanuni za kimataifa za TV ya dijitali, ambavyo ving'amuzi vyetu vyote vinavifuata, ratiba hiyo inaweza kubeba mpaka siku 64, ingawa makampuni mengi hutuma wiki moja hivi. Ni kubwa, kwa hiyo hukatwa vipande vipande vya saa tatu tatu, na kila kipande kina hesabu ya kukihakiki mwishoni. Kipande kikifika kimechubuka, king'amuzi hukitupa na kusubiri kirudiwe. Kuikusanya ratiba nzima kunahitaji muda, mawimbi safi na mashine iliyo macho.

Wewe unapata jedwali dogo na hupati kubwa. Maana yake dishi linaleta mawimbi, king'amuzi kinayasoma na programu yake inajua kuyaonyesha. Kinachokosekana ni muda wa kukusanya, au njia ya kuzifikia chaneli zote.

Tuje kwenye dalili ya pili, ambayo naona fundi wako aliipita. Chaneli za dishi hazikai mahali pamoja. Zimegawanywa kwenye masafa tofauti, mafungu yanayoitwa transponda, na kila fungu hubeba chaneli kadhaa pamoja na ratiba ya chaneli hizo. Makampuni mengine hurudia ratiba ya chaneli zote kwenye kila fungu, mengine hayafanyi hivyo. Kama yako ni ya aina ya pili, king'amuzi lazima kihame fungu hadi fungu ili kijaze mwongozo wote. Sasa mnapoangalia tamthilia, kipokezi kimoja, yaani tyuna, kimefungwa kwenye fungu la chaneli hiyo na hakiwezi kuondoka, maana kikiondoka picha inakatika. Ile tyuna ya pili ndiyo yenye nafasi ya kuzunguka. Na usiku, king'amuzi kikiwa stendibai na hakuna anayeangalia, tyuna zote mbili ziko huru. Kwa mashine nyingi za kurekodi huo ndio wakati wa kukusanya mwongozo: zinaamka zenyewe usiku wa manane, zinapita kila fungu, zinajaza ratiba, zinalala tena.

Nyumbani kwenu, wakati huo wa manane, king'amuzi hakina umeme. Baba Nasra amekizima ukutani. Asubuhi kinawashwa, kila mtu yuko mbioni, jioni kinawekwa kwenye chaneli zile zile mnazozipenda, na kinaokota ratiba ya mafungu hayo tu. Ndiyo maana chaneli mnazoziangalia zina taarifa kidogo na nyingine ni tupu. King'amuzi kinafanya kazi yake kwa nafasi ndogo kinayopewa.

Simlaumu baba Nasra. Kuhesabu uniti ni akili ya kila nyumba ya Dar es Salaam, na TV yenyewe, feni na taa azime tu. Ila hesabu ya king'amuzi ifanyeni mkiwa na namba mkononi. Geuza king'amuzi au adapta yake usome kimeandikwa wati ngapi. Tuseme kikiwa stendibai kinakula wati 10, na zipo mashine zinazokula chini ya hapo. Kwa saa 8 za usiku hiyo ni wati-saa 80, yaani uniti 0.08. Kwa siku 30 ni uniti 2.4. Zidisheni kwa bei mnayonunulia Luku, halafu mpime na thamani ya kurekodi tamthilia bila kuwahi nyumbani. Mkiona bado ni nyingi, kuna njia ya katikati nitaieleza mbele kidogo.

Kuna jambo jingine la kuzima ukutani ambalo halionekani kwa macho. Ving'amuzi vingi vinavyorekodi ni kompyuta ndogo, na mwongozo unapokusanywa hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayopotea umeme ukiondoka. Baadhi ya mashine huuandika mwongozo kwenye diski pale tu unapozizima kwa utaratibu, kwa rimoti. Ukichomoa ukutani, au umeme ukikatika, kazi yote ya jana imefutika na mashine inaanza sifuri. Kwa hiyo hata siku mtakayolazimika kuzima ukutani, zimeni kwanza kwa rimoti, subirini dakika moja taa ya mbele itulie, ndipo mzime swichi. Hilo linailinda pia diski, maana kukatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika ndiko kunakoiua diski polepole. Wenye uwezo, UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, inatosha kabisa kwa king'amuzi. Stabilaiza peke yake inazuia umeme mkubwa kuingia, lakini haishiki umeme ukikatika.

Sasa dalili ya tatu, ile ya 19:00 na saa 4 usiku. Nakuomba usome hapa taratibu, kwa sababu saa hizi huwachanganya hata mafundi.

King'amuzi hakijui saa chenyewe. Vingi havina hata betri ya kutunza saa, ndiyo maana umeme ukirudi utaona kwenye kioo cha mbele mistari, au tarehe ya mwaka 1970 au 2000, mpaka kipate mawimbi. Saa nayo huja hewani, kwenye jedwali lake dogo linalotumwa angalau kila sekunde 30. Tarehe inayokuja humo ni hesabu ya siku zilizopita tangu 17 Novemba 1858, na saa inayokuja ni ya Greenwich kule Uingereza, yaani GMT, si ya Tanzania. Kila kipindi kwenye mwongozo pia kimeandikwa kwa saa ya Greenwich. Kazi ya kuongeza saa 3 ili iwe saa yetu ya Afrika Mashariki inafanywa na king'amuzi, ama kwa taarifa ya ziada inayotumwa na kampuni, ama kwa namba iliyowekwa kwenye menyu ya saa: GMT +3.

Fundi alipokirudisha kwenye hali ya kiwandani, namba hiyo ilirudi sifuri. Wewe ukaandika 19:00, ukimaanisha saa 1 usiku ya Dar es Salaam. Chenyewe kikaelewa 19:00 ya Greenwich, ambayo hapa kwetu ni 22:00, saa 4 usiku. Tofauti ni saa 3 kamili, na tofauti ya saa 3 kamili karibu kila mara ni kanda ya saa. Ingekuwa ya saa 6, ningeshuku kwamba mtu ameandika saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili kwenye mashine inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Ingekuwa ya dakika kumi na tano au arobaini, ningesema kituo kimechelewesha kipindi. Leo jioni tazama kioo cha mbele. Simu yako ikisema 20:00 na king'amuzi kikasema 17:00, jibu umelipata.

Na kuna faida moja ya kuujua utaratibu huu. Rekodi unayoichagua kutoka ndani ya mwongozo hutoka sawa hata kanda ya saa ikiwa imekosewa, kwa sababu kipindi na saa ya mashine vyote viko kwenye Greenwich na vinakutana huko huko. Inayoharibika ni ile unayoiandika kwa mkono. Ndiyo sababu tatizo la saa ulilisikia baada tu ya mwongozo kuwa mtupu, ulipolazimika kuandika mwenyewe. Ukishaweka GMT +3, hakikisha pia kipengele cha majira ya joto kimezimwa, kama kipo. Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma mwaka mzima, na kipengele hicho kikiachwa wazi kinaweza kukuongezea saa moja.

Kurudisha kiwandani kunaweza kuwa kumeharibu na kitu kingine. Umesema dishi lako lina waya mbili. Baadhi ya mashine, zikirudishwa kiwandani, zinajipanga kana kwamba zina waya mmoja mpaka uzieleze vinginevyo kwenye menyu ya usakinishaji. Hapo tyuna ya pili inakaa bure, na mwongozo unakosa mtu wa kuutafuta wakati mnaangalia TV. Kipimo chake ni chepesi: anza kurekodi chaneli moja, kisha jaribu kuangalia chaneli nyingine, moja baada ya nyingine. Ikikubali chaneli chache tu na nyingine zinasema hakuna mawimbi, au inakuambia usimamishe rekodi kwanza, tyuna ya pili haifanyi kazi. Nenda kwenye menyu uweke waya mbili.

Ukishaweka na bado inagoma, shuku waya wenyewe. Zima king'amuzi ukutani kwanza, kwa sababu kwenye waya ule unapita umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB, lile jicho la dishi, na hupendi vyuma vigusane ukiwa unafungua. Kisha badilisha nafasi ya waya mbili nyuma ya king'amuzi. Kama ugonjwa umehama kutoka tyuna ya pili kwenda ya kwanza, basi ni waya au LNB. Kama umebaki pale pale, ni king'amuzi. Hiki ni kipimo cha dakika tano, hakihitaji kifaa chochote, na ningependa kila fundi akifanye kabla ya kumtajia mteja bei ya kitu kipya.

Mara nyingi ni waya, hasa kile kichwa chake cha kufungia kule juu kwenye dishi. Mji wetu una chumvi hewani na mvua za masika na vuli. Maji yakiingia kwenye kichwa, ile shaba ya katikati inapiga weusi au kijani, na volti zinapungua njiani. Volti hizo ndizo zinazoiambia LNB ichukue mawimbi ya wima au ya ulalo: 13 kwa wima, 18 kwa ulalo. King'amuzi kikituma 18 na zikafika pungufu, LNB inabaki kwenye wima, na nusu ya mafungu hayapatikani kwenye waya ule. Picha ya chaneli uliyozoea inaweza kuwa nzuri kabisa huku chaneli za upande wa pili, pamoja na mwongozo wake, hazifiki. Kata kichwa, vua waya upya mpaka uione shaba safi, funga kichwa kipya, zungushia tepu ya kuzuia maji. Na mkiwa huko juu angalieni kama mwembe au mnazi wa jirani haujaanza kulifikia dishi. Tawi lenye majani mabichi lililolowa linapunguza mawimbi vya kutosha kuchubua vile vipande vya ratiba, hata kabla picha haijaanza kuganda.

Kuhusu diski, ili wewe na fundi mridhike: fungua rekodi ya zamani, ikiwezekana hizo kaswida, uiache icheze dakika kumi, kisha isogeze mbele na nyuma. Ikicheza bila kukwama, diski inasoma. Rekodi ile ya saa 4 usiku nayo ni ushahidi, kwa sababu imeandikwa juzi tu na umeiona, kwa hiyo diski inaandika pia. Diski inayokufa hujitangaza: inagonga tik-tik, rekodi zinakwama mahali pale pale kila mara, king'amuzi kinachelewa sana kuwaka au kinasema hakioni diski. Kama huna hata moja kati ya hayo, funga mjadala wa kufomati.

Lakini hizo kaswida, mama Nasra, usiziache zitegemee mashine moja. Diski yoyote ina siku yake. Nyuma ya ving'amuzi vingi kuna matundu matatu ya rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Kwa waya wa AV na kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa kwenye kompyuta, vijana wa Kariakoo wanaoingiza mikanda ya harusi kwenye kompyuta wanaweza kukutolea nakala kaswida zikiwa zinacheza. Ubora utapungua kidogo. Njia ya bure ni kuweka simu kwenye stendi mbele ya TV, chumba kikiwa giza na kimya, uchukue video. Na zungumza na madrasa. Kama waliofika studio walikuwa wao, huenda wanayo nakala, au wanamjua mtu wa kituoni wa kumwomba. Fanya hili kabla ya mengine yote niliyoyaeleza.

Sasa utaratibu wa leo usiku. Kabla hujagusa menyu, ulizia kwa jirani mwenye king'amuzi cha kampuni hiyo hiyo kama mwongozo wake umejaa. Ukiwa mtupu na kwake, tatizo liko kwa kampuni na hakuna utakachorekebisha sebuleni kwako. Piga simu huduma kwa wateja, uwatajie chaneli na siku zisizo na taarifa. Kama wa jirani umejaa, weka GMT +3, weka waya mbili, na angalia kwenye menyu ya umeme kuna aina gani ya stendibai. Mashine nyingi zina mbili: ya usingizi mzito, inayozima karibu kila kitu, na ya usingizi mwepesi, inayoacha mashine iamke kukusanya mwongozo na kurekodi. Chagua nyepesi. Kisha zima kwa rimoti, acha swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, na mlale. Zima TV ukutani ukipenda, haihusiani. Asubuhi fungua mwongozo usogee siku tatu mbele.

Njia ya katikati niliyoahidi ni hii. Wiki moja ya ratiba haihitaji kukusanywa kila usiku. Kama baba Nasra bado hana amani na king'amuzi kuwashwa usiku, kiacheni usiku miwili au mitatu kwa wiki, na siku nyingine mzime kwa rimoti kwanza halafu ukutani. Mtakuwa na mwongozo ulio nyuma kidogo lakini unaotumika. Ila jueni kwamba kikiwa kimezimwa ukutani hakiwezi kurekodi chochote. Tamthilia yako ni ya saa 1 usiku, kwa hiyo hakikisha anayeondoka nyumbani wa mwisho asubuhi hazimi swichi.

Ukishajaa, futa zile oda za zamani za kurekodi, zote, uweke upya kutoka ndani ya mwongozo. Hili ni muhimu kwa sababu mlisachi chaneli upya. King'amuzi hakizitambui chaneli kwa majina, kinazitambua kwa namba za utambulisho zinazotumwa na kampuni, na chaneli ikihamishwa fungu namba hizo hubadilika. Oda ya zamani inaweza kuendelea kuisubiri chaneli mahali isipokuwepo tena, na ukapata rekodi tupu. Ukiona chaneli moja imejirudia mara mbili kwenye orodha na mojawapo haina picha, hiyo ndiyo masalia, ifute.

Na kwenye kila oda ongeza muda: dakika 5 kabla, dakika 15 baada. Vituo vyetu havifuati ratiba kwa sekunde, na hotuba au kikao cha Bunge kikirushwa moja kwa moja kila kitu kinasogea, mwongozo ukiwa bado unaonyesha saa zilizopangwa mwanzo. Kwa mpira ongeza saa nzima, maana mechi ya mtoano ina dakika 30 za nyongeza na penalti juu yake.

Wasomaji wenye ving'amuzi vya antena, mambo ni karibu yale yale. Tangu Dar es Salaam ilipozima matangazo ya analojia 31 Desemba 2012, nanyi mnapokea mwongozo hewani kwa majedwali yale yale, ila waya ni mmoja na hakuna habari ya volti 13 na 18 za LNB. Tofauti kubwa ni kwamba baadhi ya chaneli za bure hutuma jedwali dogo tu la kipindi kinachoendelea na kinachofuata. Kama ni chaneli fulani tu ambazo hazijawahi kuwa na ratiba ya wiki, king'amuzi hakina kosa, na kwa chaneli hizo kuandika saa kwa mkono ndiyo njia.

Kuna anayeweza kukuambia mwongozo umekatika kwa sababu kifurushi kimeisha. Kwa kawaida majedwali ya mwongozo husafiri bila kufungwa, kwa hiyo hujaa hata kama chaneli yenyewe huwezi kuifungua. Kifurushi kikiisha utakosa picha na rekodi.

Kama baada ya usiku miwili ya kukiacha stendibai mwongozo bado ni mtupu, niandikie tena unipe mambo manne: jina na namba ya modeli iliyo chini ya king'amuzi, namba ya toleo la programu iliyo kwenye menyu ya taarifa, vipimo vya nguvu na ubora wa mawimbi kwa kila tyuna, na matokeo ya kile kipimo cha kubadilisha waya. Namba ya kadi usinitumie, siihitaji. Nikiwa na hayo nitajua kama tuzungumzie programu ya king'amuzi kusasishwa au fundi apande juu na LNB mpya.